UZI: Kwa nini kerneli inabidi iambiwe kwa mkono kuhusu PMU? perf record imegoma kwenye kori mbili

#1 waya_mwekundu
Salaam wakuu. Nina bodi ya ARM, kori nne zote Cortex-A53, naiandikia mti wa vifaa (device tree, faili linaloieleza kerneli vifaa vilivyopo na vilivyofungwa wapi) mwenyewe kwa sababu kerneli iliyokuja nayo ni ya zamani sana na mimi nataka mpya. Karibu kila kitu kimeinuka, kadi, mtandao, saa, kilichobaki ni PMU tu, zile kaunta za ndani ya prosesa zinazohesabu saikeli, maelekezo yaliyotekelezwa, kashe iliyokosa na mengine. perf stat (inayojumlisha hesabu za kaunta tu) inatoa namba zinazoeleweka. perf record (inayochukua sampuli za mahali programu ilipo) ndo tatizo, napata sampuli za cpu0 na cpu3 peke yake, afu baada ya sekunde chache logi inaandika "nobody cared" na interapti moja (ishara ya kuikatiza prosesa) inazimwa kabisa.

Nodi yangu hii hapa:

pmu {
    compatible = "arm,cortex-a53-pmu";
    interrupts = <0 60 4>, <0 61 4>, <0 62 4>, <0 63 4>;
};

Msaada kwa hilo, lakini nina swali kubwa zaidi linaloniumiza kichwa. Kwa nini niiambie kerneli haya kwa mkono? Prosesa si ina rejista zinazosema yenyewe ina nini ndani? Kwenye kompyuta za x86 sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa hivi.

#2 kokwa_ngumu
Kwa sababu ARM haijitambulishi, ni hivyo tu. x86 ya Intel ukiiuliza CPUID (agizo la prosesa kujieleza) kwa namba 0xA inakujibu toleo la PMU, idadi ya kaunta, upana wake kwa biti, mchezo umeisha. ARM lazima uandike kila kitu.

#3 binti_rejista
#2 hapana, hapo umeibebesha ARM lawama isiyo yake. PMUv3 (toleo la PMU lililomo kwenye kori kama A53) inajitambulisha vizuri tu. ID_AA64DFR0_EL1 ina sehemu inayosema toleo la PMU, PMCR_EL0 ina sehemu ya N inayosema kaunta za matukio ziko ngapi, na PMCEID0 na PMCEID1 zinakuonyesha matukio yapi ya kawaida yanapatikana. Draiva inasoma hizo zote wakati wa kubuti, haitegemei uliandika nini kwenye nodi. Nodi haina hata sehemu ya kuandika idadi ya kaunta, angalia vizuri mfano wa mkuu hapo juu.

#4 kokwa_ngumu
Sawa nimekubali kwa kaunta. Sasa kama inajua yote hayo nodi ya kazi gani?

#5 binti_rejista
Waya. Kaunta ikifurika, yaani ikifika mwisho na kurudi sifuri, inapandisha waya unaotoka kwenye kori kwenda kwenye kidhibiti cha interapti, yaani GIC. Huo waya umeunganishwa kwenye pini ipi ya GIC ni uamuzi wa aliyechora chipu, hakuna rejista ndani ya kori inayojua hilo. Kori inajua ilivyo yenyewe, haijui imefungwa wapi. Hiyo ndo sababu kwenye x86 hujawahi kuandika, interapti ya kaunta inapita kwenye APIC (kidhibiti cha interapti) ya kori ileile, kuna rejista maalum pale ya kuelekeza, haitoki nje kwenda kuzunguka kwenye waya ambao kila mtengenezaji anauchora anavyotaka. Kwa hiyo tofauti si kwamba mmoja anajitambulisha na mwingine hajitambulishi, tofauti ni njia ya interapti.

#6 mzee_wa_kompaila
Ahsante #5, umeliweka vizuri sana hilo. Naongeza kwamba hata seva za ARM zinazotumia ACPI (majedwali ya fimwea yanayoeleza vifaa) badala ya mti wa vifaa hazikwepi, kwenye jedwali la MADT kila kori ina kipande chake na ndani yake kuna nafasi ya namba ya interapti ya PMU. Aina ya PMU haiandikwi, namba ya waya inaandikwa. Hapo unaona kabisa kitu gani hasa hakiwezi kugunduliwa.

#7 sampuli_elfu
Mtoa mada, kabla hatujaenda mbali hizo 60 mpaka 63 umezitoa wapi? Kwenye mwongozo wa chipu? Maana mwongozo mara nyingi unaandika namba ya GIC yenyewe na kwenye mti wa vifaa SPI (interapti ya pamoja, inayoweza kupelekwa kori yoyote) inaanzia sifuri wakati kwenye GIC inaanzia 32. Ukisahau kutoa 32 unasikiliza waya wa kitu kingine kabisa. Mimi nilikaa siku mbili nzima na kosa hilo, nilikuwa nasikiliza kidhibiti cha DMA nikidhani ni PMU.

#8 waya_mwekundu
Nilitoa mkuu. Mwongozo unasema 92 hadi 95, nikatoa 32 nikapata 60 hadi 63. Na kwenye /proc/interrupts naziona 92, 93, 94, 95 zimeandikwa arm-pmu. Hesabu zake ziko hivi: 92 inapanda kwenye cpu0, 95 inapanda kwenye cpu3, 93 iko sifuri kila mahali, na 94 ilipanda mpaka kama laki moja kwenye cpu2 ndo ikazimwa.

#9 sampuli_elfu
Laki moja hiyo si bahati mbaya. Kerneli inahesabu interapti laki moja, kama 99,900 kati yake hakuna draiva iliyokubali kwamba ni yake inaandika hiyo "nobody cared" na kuufunga mstari. Maana yake interapti 94 inafika cpu2, draiva inaangalia kaunta za cpu2, inakuta hakuna iliyofurika, inasema si yangu. Na kwa sababu mstari ni wa kiwango, unabaki juu mpaka aliyeupandisha afute bendera yake ya kufurika, kwa hiyo inapiga tena na tena bila kupumua.

#10 binti_rejista
Na bendera hiyo inafutwa kutoka kwenye kori yenyewe iliyofurika, cpu2 haiwezi kufuta ya cpu1. Hapo tayari jibu la nusu limeonekana. Mtoa mada soma logi ya kubuti, tafuta neno "guessing".

#11 waya_mwekundu
Ipo!! "no interrupt-affinity property for /pmu, guessing." Nilikuwa naiona kila siku naipita.

#12 binti_rejista
Hiyo ndiyo. Ukiwa na SPI zaidi ya moja unatakiwa uweke interrupt-affinity, orodha ya kori kwa mpangilio uleule wa interapti. Usipoweka draiva inakisia kwamba interapti ya kwanza ni ya cpu0, ya pili cpu1 na kuendelea. Mfano mzuri ni BCM2711 ya Raspberry Pi 4, ina SPI 16, 17, 18, 19 na chini yake &cpu0, &cpu1, &cpu2, &cpu3. Wewe nahisi waya za cpu1 na cpu2 zimepishana kwenye chipu.

#13 mlinzi_wa_kashe
Au hazijapishana kwenye chipu, zimepishana kwenye namba za kerneli. Kori iliyobuti kwanza ndo inakuwa cpu0 hata kama kwenye mti iko ya tatu, zinazobaki zinafuata mpangilio wa nodi. Umeandika nodi za kori kwa mpangilio gani?

#14 waya_mwekundu
0, 1, 2, 3 mkuu, na inayobuti ni 0. Nimehakikisha.

#15 mlinzi_wa_kashe
Basi nadharia yangu kwako haina nguvu, ila wengine waisome maana ni kosa linalojirudia sana.

#16 kokwa_ngumu
Mimi bado sijaridhika na jambo moja. perf stat inafanyaje kazi kama interapti zimekufa?

#17 sampuli_elfu
perf stat inasoma kaunta mwanzo na mwisho, inatoa tofauti, haihitaji kuamshwa katikati. perf record ndo inahitaji, inapanga kaunta ifurike baada ya matukio fulani, ikifurika interapti inakuja na kerneli inaandika programu ilikuwa mstari gani. Ndo maana hata ukiacha kuandika interapti kabisa draiva inakubali, inasema tu "no irqs for PMU, sampling events not supported" na perf stat inaendelea kama kawaida.

#18 binti_rejista
Nakubali ila kuna mtego hapo, na mtoa mada asiziamini sana namba zake za perf stat kwenye cpu1 na cpu2. Kwenye A53 kaunta ya saikeli ina biti 64 lakini kaunta za matukio ni biti 32. 2 kwa kipeo cha 32 ni 4,294,967,296. Prosesa inayotekeleza maelekezo bilioni moja kwa sekunde inaizungusha kaunta kwa sekunde nne na kidogo. Kerneli inategemea interapti ya kufurika ili ijue imezunguka. Programu ikibadilishwa mara kwa mara kwenye kori kaunta inasomwa kila mara na hutaona kosa, lakini ukihesabu kori nzima kwa dakika moja bila interapti, mizunguko mizima inapotea na namba inayotoka inaonekana nzuri tu. Hii inanikera sana kwa sababu watu wanachapisha vipimo vya hivi wakiwa na uhakika kabisa.

#19 kokwa_ngumu
Duh. Hilo sikulijua. Kaunta zenyewe si nne?

#20 mzee_wa_kompaila
Nne ni Cortex-A7 na A8. A53 ina sita za matukio, na ya saikeli iko pembeni haimo kwenye hizo sita. Ukiomba matukio zaidi ya hapo perf inazipokezana na namba inayotoka ni ya makadirio, utaona asilimia pembeni.

#21 waya_mwekundu
Nimerudi. Nimeweka interrupt-affinity nikabadilisha cpu1 na cpu2:

interrupt-affinity = <&cpu0>, <&cpu2>, <&cpu1>, <&cpu3>;

"guessing" imeondoka. "nobody cared" imeondoka. cpu1 sasa inatoa sampuli safi kabisa kupitia 94. LAKINI cpu2 bado kimya, 93 iko sifuri kama mwanzo. Kwa hiyo tumepona nusu.

#22 sampuli_elfu
Hongera kwa nusu. Mimi nasema mwongozo una kosa, 93 si ya cpu2. Jaribu namba za jirani, 91 na 96.

#23 mchimba_fimwea
Msikimbilie kulaumu mwongozo. Kuna fimwea salama inayokimbia kabla ya kerneli na ndiyo inayogawa interapti kwenye makundi ya GIC. Interapti ikiachwa upande wa salama, kerneli inaandika rejista za kuiwasha na GIC inapuuza kimyakimya, haitoi kosa lolote. /proc/interrupts itakuonyesha imesajiliwa, draiva itafurahi, na hutapata hata moja. Nimeliona kwenye bodi moja, fimwea ilikuwa imeacha namba moja tu katikati kwa sababu mtu alianza kuhesabu vibaya kwenye jedwali. Dalili zilikuwa hizihizi.

#24 mlinzi_wa_kashe
Mimi nina la tatu. Usingizi wa kori. Kori ikiingia kwenye usingizi mzito umeme unakatwa na rejista za PMU zinapotea, kerneli inahifadhi na kurudisha lakini inategemea fimwea isivuruge mambo njiani. Buti na cpuidle.off=1 uone.

#25 mchimba_fimwea
#24 usingizi ungeua kori zote nne, kwa nini cpu2 peke yake?

#26 mlinzi_wa_kashe
Si lazima. Kama kazi yake ilipangwa cpu0 na cpu3 zikawa na shughuli muda wote zisingelala. Ajaribu tu, ni neno moja kwenye mstari wa kubuti.

#27 jani_la_mti
Naingia kwa pembeni kidogo. Mnaojadili mti wa vifaa kama kitu cha ARM, kumbukeni ulikuwepo zamani sana, unatoka Open Firmware, kiwango cha IEEE 1275 cha 1994, mashine za Sun na PowerPC. ARM iliukumbatia baada ya 2011 Linus Torvalds kulalamika wazi kuhusu vurugu ya msimbo wa bodi za ARM ndani ya kerneli. Kabla ya hapo haya mnayoandika kwenye nodi yalikuwa yamechomekwa ndani ya C, faili moja kwa kila bodi. Mimi niliyewahi kuandika zile faili nasema nodi ya mistari mitano ni neema.

#28 kokwa_ngumu
Ukianza historia #27 jua linazama, lakini shukrani, sikujua ya Sun.

#29 ngazi_mbili
Jamani mimi nina bodi ya klasta mbili, A53 nne na A72 mbili. Nimeandika nodi moja ya pmu, naandika "arm,armv8-pmuv3" ili ishike zote. perf stat kuna wakati inaandika <not counted>. Ni tatizo hilohilo?

#30 binti_rejista
Si hilohilo. Kwanza hilo jina la jumla lipo kwa ajili ya mashine za kuigwa kwa programu, kwenye chipu halisi andika jina la kori. QEMU ndo inalitumia kihalali kwenye mashine pepe zake, pamoja na PPI 7 (interapti ya kori binafsi). Pili, aina mbili za kori ni PMU mbili tofauti, andika nodi mbili. Ukifanya hivyo perf itakuonyesha vifaa viwili, cha A53 na cha A72, kila kimoja na matukio yake. Hiyo <not counted> ukishakuwa na nodi mbili inaweza kubaki kwa perf za zamani, tukio linafunguliwa kwa aina moja ya kori na programu yako inahamia upande wa pili, basi hakuna cha kuhesabu.

#31 ngazi_mbili
Lakini zote mbili zinatumia PPI 7 hiyohiyo, nodi mbili zitagombana?

#32 mzee_wa_kompaila
Swali zuri. PPI ni ya kila kori peke yake, namba ileile lakini kila kori ina waya wake, kwa hiyo kimaumbile hakuna ugomvi. Kilichohitajika ni kuiambia kerneli kori zipi ni za nani. Kwenye GICv3 kuna ppi-partitions, unagawa kori kwenye makundi halafu kwenye interrupts unaongeza kiungo cha kundi, angalia RK3399 inafanya hivyo hasa. Ukishafanya hivyo usiweke tena interrupt-affinity maana umeshasema.

#33 ngazi_mbili
Nashukuru sana mkuu.

#34 chipu_huru
Ndo maana mimi nimehamia RISC-V. Kerneli haisomi nodi yoyote ya PMU, inaiuliza fimwea kupitia SBI (njia ya kerneli kuongea na fimwea), kaunta ziko ngapi, tukio hili linawezekana, basi.

#35 mchimba_fimwea
Na fimwea imejua wapi? Nodi ya "riscv,pmu" ipo, inasomwa na OpenSBI, ambayo ndiyo fimwea yenyewe. Humo unaandika tukio fulani la SBI ni thamani gani ya mhpmevent (rejista ya kuchagua tukio) kwenye chipu hii na linaweza kukaa kwenye kaunta zipi kati ya mhpmcounter3 hadi 31. Mzigo haukuondoka, umehamishwa ngazi moja chini. Na sampuli bado unahitaji kiendelezi cha Sscofpmf, bila hicho hakuna interapti ya kufurika, unabaki na kuhesabu tu.

#36 chipu_huru
Kweli, lakini waya hauandiki tena. Kwa Sscofpmf interapti ni ya ndani ya kori kwa namba iliyowekwa na kiwango chenyewe, hakuna mchoraji wa chipu wa kuipindisha. Tatizo la mtoa mada lisingetokea.

#37 binti_rejista
Hilo nakupa. Na PPI kwenye ARM ni wazo lilelile, namba moja, hakuna orodha ya kori. Wanaochora chipu na SPI nne kwa PMU ndo wanatuletea huu uzi.

#38 waya_mwekundu
Matokeo wakuu. cpuidle.off=1: hakuna mabadiliko, 93 sifuri. Namba za jirani: 91 haina kitu, 96 ikaniletea interapti za kitu kingine bodi ikaanza kukwama, nikatoa haraka. Ila kuna kitu cha ajabu. Nikizima cpu1 kwa hotplug na kukimbiza perf kwenye cpu2 pekee, 94 inapanda mara moja moja. Yaani waya wa 94 unapandishwa na cpu2 pia??

#39 sampuli_elfu
cpu1 ikiwa imezimwa, interapti 94 inapelekwa wapi? Draiva inaiachia, haikutakiwa hata kuhesabiwa. Una uhakika ni 94 na si hesabu ya zamani?

#40 waya_mwekundu
Nilizima na kuwasha cpu1 tena, hesabu imeongezeka kwa 3 kati ya kabla na baada. Nimerudia mara nne, kuna mara ilikuwa 3, kuna mara 1, mara ya mwisho 0.

#41 mlinzi_wa_kashe
Basi waya zimeunganishwa pamoja ndani ya chipu, cpu1 na cpu2 zinatumia mstari mmoja. Yapo hayo, kuna chipu za zamani zilikusanya PMU zote kwenye SPI moja na watu walilazimika kuzungusha affinity kwa kori moja baada ya nyingine ili wamkute aliyefurika.

#42 mchimba_fimwea
Kama ni mstari mmoja, cpu2 ikifurika wakati cpu1 iko hai tungeona "nobody cared" tena kwenye 94, na yeye amesema imeondoka. Hizo 3 zinaweza kuwa za cpu1 yenyewe, kaunta iliyobaki na bendera wakati wa kuwashwa. Mimi bado niko kwenye makundi ya GIC. Mtoa mada, unaweza kuingia kwenye butiloda yako na kusoma IGROUPR (rejista ya makundi ya GIC) ya 93? Ni rejista ya tatu, yaani namba 2 ukihesabu kuanzia 0, biti ya 29. Ila ikisomwa kutoka upande usio salama itarudi sifuri kama interapti ni ya salama, na hilo lenyewe ni jibu.

#43 binti_rejista
Upande usio salama IGROUPR yote inasomeka sifuri bila kujali, #42. Usimpoteze. Asome ISENABLER (rejista ya kuwasha interapti) baada ya kerneli kuwasha 93, biti ileile ya 29. Ikikataa kushika 1, interapti iko upande wa salama. Ikishika, mchimba_fimwea itabidi aniletee nadharia nyingine.

#44 mchimba_fimwea
Upo sahihi, nimejichanganya. ISENABLER2, biti 29, kwa GICD (sehemu ya GIC inayogawa interapti). Atumie hiyo.

#45 jani_la_mti
Na kabla ya yote ahakikishe DTB (mti wa vifaa uliokompailiwa) inayobuti ni ile aliyoihariri. Soma /proc/device-tree/pmu moja kwa moja. Kuna butiloda zinaongeza na kufuta nodi zenyewe kabla ya kukabidhi.

#46 waya_mwekundu
Nimesoma /proc/device-tree, affinity ipo kama nilivyoandika. ISENABLER2 ntaisoma usiku nikirudi kwenye bodi, naomba msiufunge uzi.

#47 ngazi_mbili
Mimi nodi mbili zimekubali, ahsanteni. Sasa perf inaniambia nusu ya muda kerneli iko kwenye _raw_spin_unlock_irqrestore, ina maana kufuli zangu ni mbovu?

#48 sampuli_elfu
Hapana mkuu. Sampuli inakuja kwa interapti ya kawaida, msimbo ulipozima interapti haiwezi kuingia, inasubiri mpaka zifunguliwe, na mahali zinapofunguliwa ndo panabeba lawama ya yote yaliyotangulia. Kama GIC yako ni v3 washa irqchip.gicv3_pseudo_nmi=1 kwenye mstari wa kubuti na kerneli iwe imejengwa nayo, sampuli itaingia hata interapti za kawaida zikiwa zimezimwa na picha itabadilika. Fungua uzi mwingine tuongee vizuri, huu tunamsubiri mwenye 93.